Chupa ya Shahidi ya Mto Kamwela

Siku ya mwisho kazini nilipewa karatasi ya kurudisha vitu vya biro, yaani ofisi yetu. Iliandikwa: funguo mbili, buti za mpira jozi moja, rula ya mbao ya kupimia samaki, sanduku la baridi moja. Mistari minne. Nilikuwa nimefikiri maisha ya kazi yatajaza angalau ukurasa.

Ninyi mliobaki pale mliniomba niandike mambo yatakayowafaa. Vyeo na mishahara sitavigusa. Dosie yangu, yaani faili langu la kazi, iko kwenye kabati la pili upande wa kushoto, na panya wameishaisoma karibu yote, waulizeni. Nitaandika kazi yenyewe, na zaidi nitaandika habari za lile sanduku la baridi, kwa sababu sasa mtalibeba ninyi, na sanduku lile lina desturi zake.

Nilianza ufukoni, hapa hapa Kalemie, mahali mitumbwi inapofikia asubuhi wakati ziwa bado lina rangi ya majivu na milima ya ng'ambo haijajionyesha. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyeusi vya ngozi, na soksi. Papa Serafini, aliyekuwa mkubwa wa kupima samaki, alinitazama miguuni, akaingia majini mpaka magotini na kunipungia mkono nimfuate. Viatu vile sikuvivaa tena. Kazi yetu ilikuwa kuchagua samaki kadhaa katika kila mtumbwi, kuwalaza juu ya rula ya mbao, na kuandika aina na urefu. Akina mama wauzaji hawakutupenda, maana mnunuzi humtazama kwa mashaka samaki aliyepimwa na serikali.

"Papa Serafini," mmoja wao aliuliza siku ile ile, "huyu mutoto wako anapima mukebuka yangu ya nini? Anataka kumushonea suti?"

"Anajifunza," Papa Serafini alijibu. "Akishajua samaki, atakuja kukupima weye."

"Ile rula haitatosha, Papa."

Papa Serafini aliandika haitatosha. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania, lakini neno liko kwenye daftari la mwaka ule, pembeni mwa samaki.

Alinifundisha mambo mengi ambayo hayafai tena, kama kukausha daftari lililoloa juu ya jiko la makaa bila kuliunguza. Moja bado linafaa. Wiki ya pili nilisoma rula vibaya, nikafuta namba kwa kifutio, nikaandika nyingine. Papa Serafini alinyoosha mkono, akachukua kifutio changu na kukitupa ziwani. Alifanya hivyo kwa upole, kama mtu anayemtupia bata chakula.

"Kosa linakatwa kwa mstari mmoja," alisema. "Mstari mwembamba. Anayekuja nyuma asome ulichokosea, asome na ulichosahihisha. Ukifuta, unamwachia shimo, na yeye atatumbukia."

Nilinunua kifutio kingine mwezi uliofuata. Nacho kikaenda ziwani. Baada ya hapo niliacha kununua.

Miaka ilipita, Papa Serafini akastaafu, mimi nikahamishiwa kwenye daftari la wanyama wa mito. Nilipewa pikipiki moja, buti za mpira, na orodha ya mito iliyo mingi kuliko mafuta. Kwa kila mto nilitakiwa kujaza nani yupo na nani hayupo. Ndivyo nilivyofika Kamwela kwa mara ya kwanza. Ni kijito kinachoteremka kutoka milimani kusini mwa mji. Unafuata njia ya Moba, halafu unaacha pikipiki na kutembea. Nilifika na mvua. Nilikaa chini ya paa la katekista kuanzia saa sita mpaka saa tisa, nikawauliza wanaume wawili waliojificha mvua pamoja nami, ambao wote walikuwa wapita njia. Mvua ilipopungua nilisimama darajani, nikatazama maji ya kahawia yakipita, nikaandika: Fisi maji: hayupo.

Kwa wale waliotoka bara na hawamjui, fisi maji ni mnyama mrefu wa manyoya, mwepesi sana majini, anayekula samaki na kaa. Haumi mtu, ana aibu, na sheria inamlinda. Mto wenye fisi maji haufukuliwi. Mto usio naye unaweza kufukuliwa.

Hayupo ni neno jepesi kuandika. Mnyama hawezi kuja bironi kukata rufaa. Niliandika hayupo mara nyingi katika maisha yangu, na mara nyingine nilikuwa nimetazama.

Karibu na mwisho wa kazi yangu ikaja njia mpya. Mnyama yeyote anayeingia majini huacha kitu: ngozi kidogo, mate, mkojo, kinyesi, ute. Ndani ya vitu hivyo mna DNA yake, au ADN kama tunavyosema hapa. Unavuta maji ya mto kwa bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, unayasukuma yapite kwenye kichujio kidogo kama kifuniko cha chupa, unarudia mpaka mkono unachoka. Maji yanamwagika, DNA inabaki kwenye kichujio. Unatia dawa ya kuhifadhi, unabandika etiketi, unaweka ndani ya sanduku la baridi, na sanduku linapanda ndege kwenda maabara iliyo nchi ya mbali. Miezi inapita, halafu inakuja orodha ya wote walioingia majini. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilikumbuka siku zote nilizolala kifudifudi kwenye matope nikitafuta nyayo.

Biro ilikuwa na watu watatu na pikipiki ile ile. Kwa hiyo tuliwategemea wajitolea, yaani wanavijiji wanaochota maji, wanaovua na kufua katika mito hiyo kila siku. Niliwafundisha mimi. Maswali yao yalikuwa mazuri kuliko ya semina.

"Papa," baba mmoja aliniuliza katika kijiji cha kwanza, "hii inaweza kujua nani alikojoa mtoni?"

"Inajua kama ni mtu. Haijui jina."

Alikaa chini, na nilimwona jirani yake pia ametulia.

Kijiji hicho cha kwanza kilikuwa juu kabisa mlimani, na majibu yake yalileta msisimko. Orodha ilisema: chura, kambale, mbuzi, mtu, ndagala. Ndagala, kama mnavyojua, ni samaki mdogo wa kilindini ziwani. Hana miguu wala sababu ya kupanda mlima. Kwa siku tano mkubwa wa biro aliamini tumegundua jambo. Siku ya sita nikakumbuka kwamba kabla ya kazi wenyeji walitukaribisha ugali na ndagala, tukala kwa mikono kama inavyopasa, tukanawa wote katika beseni moja, tukaenda mtoni. Tulikuwa tumepeleka chakula chetu cha mchana maabara kwa ndege. Nikatunga sheria: kazi kwanza, chakula baadaye. Iliandikwa, ikapigwa muhuri, na ndiyo iliyoniletea mambo ya Kamwela.

Asubuhi moja mama mmoja aliingia bironi na beseni la plastiki kichwani. Alilishusha, akaketi mbele ya meza yangu, akafunga vizuri kitenge chake. Jina lake Mama Feza. Alikuwa mkubwa wa akina mama wanaoloweka mihogo Kamwela.

"Njo weye Papa Balthazar?"

"Ni mimi, Mama. Karibu."

"Njo weye uliandika fisi maji hayuko Kamwela?"

"Niliandika, Mama. Zamani."

"Ulimutafuta wapi?"

Nilifungua daftari, ingawa nilijua. "Darajani."

"Darajani kunapita pikipiki. Weye ungekuwa fisi maji, ungekaa darajani?"

Nilikiri kwamba nisingekaa.

"Mimi naloweka mihogo kule tangu niliolewa," alisema. "Ninamuona. Anaiba samaki ndani ya migono ya bwana yangu, Papa Kisimba. Papa Kisimba anamutukana, akimaliza ananitukana na mimi juu ya vile niko karibu. Sasa serikali inasema hayuko. Miaka yote hii bwana yangu anatukana nani?"

Nilimwomba aeleze kilichomleta. Watu fulani walikuwa wameomba kuchimba changarawe katika Kamwela kwa ajili ya majengo ya mjini. Ombi lao lilikuwa na kurasa nyingi, na katika ukurasa wa nne, ndani ya fremu, ulikuwa mstari wangu: Fisi maji: hayupo. Kamati ya jimbo ingekutana mwisho wa kiangazi kuamua. Wakichimba, maji yangekuwa tope kutoka juu mpaka ziwani. Mihogo hailowekwi kwenye tope, na kijiji kizima kilichota pale pale, kisima hakipo. Mama Feza alikuwa amesimama katika mkutano wa kijiji ombi liliposomwa, akasema mnyama yupo. Wakubwa walicheka, mmoja akamwomba picha. Neno lake halikuwa na muhuri. Langu lilikuwa nao.

"Mama," nilisema, "iko njia ya kuuliza maji yenyewe."

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe maji yanasengenya," alisema. "Basi twende tuyaulize."

Nilikwenda Kamwela nikiwa na vichujio, mabomba, glavu na sanduku la baridi. Vituo vinne vya kuchota nilikuwa nimevichagua mwenyewe juu ya ramani, vyote karibu na njia. Mama Feza alivitazama kwenye karatasi, akauliza kwa nini hakuna cha huko juu kwenye miamba. Nilimjibu kwamba karatasi imeishachapwa. Andikeni jibu hilo mahali mtakapoliona kila siku, msilitumie.

Wajitolea walikuwa kumi, wengi akina mama, pamoja na Papa Kisimba aliyekuja kuhakikisha hatumsifu mnyama. Walielewa haraka. Jambo gumu lilikuwa moja, chupa ya shahidi. Kila kijiji hupewa chupa moja ya maji safi kabisa, iliyofungwa mjini. Unaifungua hapo hapo mtoni, unayapitisha maji yake kwenye kichujio kama mengine, kichujio kinapelekwa maabara pamoja na vingine. Kwenye kichujio hicho kusiwe na mnyama yeyote. Akionekana mnyama, ina maana mikono au vyombo vyetu vimechafua kazi, na majibu yote ya kijiji yanatupwa. Hayo ndiyo maelezo. Yanachukua dakika kumi ukiyatoa vizuri.

Mimi niliyaweka mwisho. Na kwa sababu ya sheria yangu ya kazi kwanza, chakula kilikuwa kinasubiri. Ugali ulikuwa umefunikwa, sombe, mboga ya majani ya mihogo, inapoa, mama mkwe wa Mama Feza ametoka nje mara mbili kutazama jua. Nilimkabidhi Mama Feza chupa ya shahidi kwa mikono miwili, nikamwambia haya ni maji kutoka mjini, safi, chupa nayo ina kichujio chake, na vyote vitarudi kwangu pamoja na vingine.

"Nirudishe na nini?" aliuliza.

"Hivyo hivyo tu, Mama," nilisema. Tukaenda kula. Jioni niliondoka na kuwaachia kazi waifanye kesho yake asubuhi, maji yakiwa yametulia. Siku ya tatu Papa Kisimba alileta sanduku mjini kwa pikipiki, akiwa amelikumbatia kama mgonjwa.

Majibu yalikuja kiangazi kikiwa katikati. Madamu wa maabara, ambaye hatukuwahi kumwona na aliyeandika barua fupi kuliko watu wote ninaowajua, alituma ukurasa mmoja. Kituo cha kwanza: kambale, chura, mbuzi, mtu. Cha pili: hivyo hivyo, na kuku. Cha tatu na cha nne: samaki wadogo, kaa, mtu, mtu tena. Chupa ya shahidi: fisi maji.

Nilisoma tena. Fisi maji hakuwepo mahali popote isipokuwa katika chupa pekee ambayo hakutakiwa kuwepo. Chini Madamu aliandika: Shahidi amechafuka. Kazi ya Kamwela haikubaliki. Je, mnafuga mnyama huyu bironi?

Nilikaa na barua hiyo mchana mzima. Mkubwa wa biro alikuwa safarini Manono, hapakuwa na mtu wa kuniuliza. Nakala za etiketi zilikuwa mezani, pamoja na kalamu. Shahidi alikuwa namba tano, kituo cha nne namba nne. Ningeweza kumwandikia Madamu kwamba etiketi mbili zilibadilishana mahali, jambo linalotokea kila siku duniani. Fisi maji angehamia kituo cha nne, shahidi angebaki na samaki, kaa na mtu, uchafu wa kawaida ambao ningemwomba Madamu ausamehe, na pengine Kamwela ingepona. Nilivuta kalamu karibu. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko nilivyoandika kwenye ripoti. Halafu nikawaza kwamba sijui mnyama aliingiaje katika ile chupa, na kwamba mimi ndiye niliyeandika hayupo bila kujua, na sasa nilikuwa karibu kuandika yupo bila kujua. Nilirudisha kalamu kwenye kopo, nikachukua pikipiki.

Mama Feza nilimkuta anaanika mihogo. Nilimwomba anieleze hatua kwa hatua walivyofanya siku ile. Alieleza vizuri, vituo vyote vinne, glavu mpya kila mara, hakuna aliyekula.

"Na chupa ya maji safi?"

"Maji yako? Tulikunywa," alisema. "Asante, yalikuwa mazuri. Mama mukwe alimezea dawa yake, ingine tukagawa watoto."

"Na kwenye kichujio mkapitisha nini?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kama alisalimia wageni.

"Papa, weye uliniletea chupa imejaa. Nikurudishie tupu? Jirani akikutumia sahani ya sombe, unamurudishia sahani inalia ndani? Unaweka hata chumvi, hata maembe mbili. Mimi sina maji ya mujini. Nilipanda mpaka kule juu kwenye miamba, pale maji iko baridi na safi kuliko yote, pale fisi maji anaoga na watoto wake. Nikajaza chupa yako, nikapitisha. Nilikupa ile nzuri."

"Nilikuambia hivyo hivyo tu."

"Kila mugeni anasema hivyo hivyo tu," alisema. "Ungetaka kusema nini ingine?"

Papa Kisimba, aliyekuwa anasuka mgono wa kutegea samaki mlangoni, alisema bila kuinua kichwa kwamba yeye ndiye aliyemwambia mke wake apande mpaka kule, kwa sababu alionekana mtu wa heshima, huyu Papa Balthazar, na maji ya darajani yangekuwa aibu.

Ndipo nikalazimika kumweleza Mama Feza yale maneno ya dakika kumi, miezi miwili baada ya wakati wake. Nilimweleza kwamba chupa ile ilipaswa kuonyesha hakuna mnyama. Kwamba kwa sababu aliweka maji bora, maabara imetupa kazi yote. Kwamba mnyama wake ameonekana, na ameonekana mahali pasipohesabiwa.

Aligeuza vipande vya mihogo kimoja kimoja.

"Wameyatupa," alisema mwishoni.

"Wameyatupa, Mama. Kosa ni langu."

"Njo lako," alikubali. "Sasa kamati inakaa lini?"

Zilibaki wiki chache. Niliwaandikia maabara ukweli wote, pamoja na dawa ya mama mkwe, nikaomba nafasi moja ya kurudia. Madamu alijibu kwa mstari mmoja: Haraka, na shahidi awe mtupu.

Mara hii tulipanda wote mpaka kwenye miamba. Njia ni ya mawe na mizizi, na mtu wa umri wangu anaifahamu kwa magoti. Juu kuna bwawa dogo lililofunikwa na matawi, maji yake meusi na tulivu hata huoni mahali yanapoanza kutoka. Juu ya jiwe moja palikuwa na magamba ya samaki na vipande vya kaa. Papa Kisimba aliyatazama, akasema taratibu kwamba yule samaki alikuwa wake.

Tulichota vituo vyote vinne, na bwawa likawa cha tano. Ikabaki chupa ya shahidi. Mama Feza aliishika, akaifungua mbele ya watu wote, akaanza kuyasukuma yale maji safi ya mjini yapite kwenye kichujio na kumwagika chini kwenye majani. Kijiji kilikuwa kimekuja kutazama. Nyuma niliwasikia akina mama.

"Feza anamwaga maji ya muntu."

"Mbele ya mwenyewe."

"Na mwenyewe anaangalia tu."

Mama Feza hakugeuka. Alimaliza, akafunga kichujio, akakitia katika sanduku. Halafu akashika mfuniko, hakuufunga.

"Papa, mimi siwezi kuirudisha hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeyamwaga, sawa. Kichujio haina kitu, sawa. Lakini sanduku ya watu haitoki kwangu namna hii. Nitawaambia nini wale?"

Nilifikiri juu ya sheria za maabara, ambazo nilizijua kwa moyo. Hakuna mahali zinapokataza kitu kilichofungwa vizuri, nje ya mfuko wa vichujio. Nilimwambia hivyo. Mama Feza alimwita binti yake, wakateremka, wakarudi na karanga mbichi zilizofungwa katika plastiki mara tatu, na fundo ambalo sijaona mfano wake katika vifaa vya maabara. Aliziweka pembeni kabisa, mbali na vichujio, akafunga sanduku. Wale akina mama walinyamaza. Mambo yalikuwa yamekaa sawa.

Nilibandika karanga etiketi. Sikujua niandike nini, nikaandika: Kamwela, 7.

Maabara nayo ilifanya haraka, majibu yakafika siku tatu kabla ya kamati. Vituo vya njiani vilikuwa kama mwanzo, kambale, mbuzi na watu. Kituo cha tano, bwawani: fisi maji, bila shaka yoyote. Shahidi: hakuna. Chini Madamu aliandika: Namba 7 ni karanga. Tafadhali eleza njia ya kazi.

Nilimjibu: Kukaanga, chumvi kidogo.

Mama Feza alikuja mwenyewe kwenye kamati. Aliketi mstari wa mbele na beseni lake. Mkubwa mmoja, yule yule aliyeomba picha, alisoma ukurasa wa maabara mara mbili na kuuliza ni nani hasa aliyemwona huyu mnyama.

"Mimi namuona miaka yote," Mama Feza alisema. "Sasa na maji yameniunga mukono. Kama munataka wa tatu, muite bwana yangu, ana mengi ya kusema juu yake, lakini mutoe watoto inje."

Wachimba changarawe waliambiwa watafute mahali pengine. Mimi niliombwa kusahihisha daftari. Nilifungua ukurasa wa Kamwela, nikakata hayupo kwa mstari mmoja mwembamba, juu yake nikaandika yupo, na pembeni jina la aliyemwona: Mama Feza, mloweka mihogo. Neno la chini bado linasomeka. Mkienda mtaliona.

Wiki chache baadaye sanduku la baridi lilirudi kutoka maabara, kama linavyorudi kila mara ili lijazwe upya. Mfuniko ulikuwa umepasuka njiani. Ndani, mbali na vichujio vipya, palikuwa na kasha la penseli za rangi na biskuti zilizofungwa katika plastiki mara tatu. Fundo lilikuwa limejaribiwa, halikuwa zuri. Hapakuwa na barua. Nilizipeleka Kamwela. Mama Feza alilitazama fundo kwa muda.

"Wanajifunza," alisema.

Mimi mwenyewe fisi maji sijamwona mpaka leo. Nimepanda kwenye bwawa lile mara nne, nimekaa kimya, nimeona maji yakitikisika mahali pasipo na upepo. Papa Kisimba anasema ananiogopa kwa sababu ya lile nililoandika zamani. Inawezekana.

Siku ya kurudisha vitu, mtunza ghala alihesabu funguo, akatazama buti, akapima rula kwa rula nyingine. Kisha akafungua sanduku la baridi ili aandike kwamba liko tupu, kama karatasi inavyotaka. Akalifunga, akalifungua tena.

"Papa Balthazar, humu kuna kitu."

"Najua."

"Karatasi inasema lirudi tupu."

"Karatasi haijawahi kufika Kamwela," nilisema.

Alifikiri kidogo. Ni mtu mwangalifu, mnamjua. Kisha alichukua kalamu, akakata neno tupu kwa mstari mmoja, juu yake akaandika: lina karanga. Nikatia sahihi.